Soksi Kwenye Matundu ya Hewa

“Nyumba yenu hapana dirisa?”

Nesi aliniuliza mimi, si mama. Mama alikuwa kwenye benchi la zahanati, amempakata mdogo wangu Zena, ambaye kila akivuta pumzi kifua chake kilitoa mlio mwembamba kama birika linalokaribia kuchemka. Zena alikuwa hajafika umri wa kwenda shule, lakini mabega yake yalikuwa yamepanda hadi karibu na masikio kwa kazi ya kutafuta hewa. Nesi alikuwa amemuuliza mama kwanza, na mama akatazama sakafu. Ndipo akaniinamia mimi, jinsi watu wazima wanavyowageukia watoto wanapotaka ukweli wa bei nafuu.

“Wewe mutoto, sema. Dirisa iko? Kwa nini hapana fungua?”

Dirisha lilikuwepo. Lakini sababu ya kutolifungua ilikuwa miongoni mwa mambo yasiyosemwa nje ya nyumba, na zahanati ilikuwa nje ya nyumba. Nikatazama sakafu kama mama.

“Banange!” nesi akawaambia akina mama wengine kwenye benchi. “Hawa bibi ya maaskari! Anafunga nyumba kama sanduku, anapika ndani, halafu analeta mutoto kwangu. Nnyabo, mama wewe, hewa ni bure! Hewa hapana nunua sokoni!”

Wanawake wakacheka. Mama, ambaye ukoo wake ulikuja Kampala na biashara kutoka pwani kabla babu yangu hajazaliwa, na ambaye kwa Kiswahili chake angeweza kumkatakata nesi yule akamfunga kwenye jani la mgomba, alisema tu, “Asante, sista.” Akapokea vidonge, akanishika mkono, tukaondoka.

Hewa ni bure. Nimeichukia kauli hiyo tangu siku ile, na haijaacha kunifuata. Niliikuta kwenye kitabu cha sayansi cha shule ya msingi. Nikaikuta tena chuo kikuu, kinywani mwa mhadhiri aliyekuwa akitufundisha afya ya familia huku madirisha yote ya ukumbi yamefungwa kwa sababu ya vumbi la barabarani. Na juzi umeme ulipokatika, jirani yangu aliyeishiwa mafuta ya taa alijaza tadooba dizeli. Watu wa rika langu hawahitaji kuelezwa tadooba, kile kikopo chenye utambi kilichotulea. Moshi wake mweusi, wenye ladha ya chuma, ulipita chini ya mlango wangu, nikajikuta nimesimama katikati ya chumba nimebana pumzi, nimekasirika, wala sijui namkasirikia nani. Naandika ili nijue.

Tuliishi kwenye kambi ya polisi, upande wa mji unaoelekea Kansanga na Ggaba. Nyumba zilikuwa laini ndefu za matofali chini ya bati, kila familia na chumba chake kimoja na kijisebule, na varanda moja mbele iliyotuunganisha sote. Waingereza waliozijenga waliacha matundu ya hewa juu ya kila dirisha, na wake wa mapolisi wakaongeza busara yao: hakuna aliyepika ndani. Jioni sigiri zilipangwa varandani, makaa yakipepewa kwa vifuniko vya sufuria, wanawake bega kwa bega wakiazimana chumvi na kuchekana mapishi. Mama alikuwa Muislamu, baba Mkatoliki wa Acholi, kule kaskazini, jirani wa kushoto Walugbara, wa kulia Wanubi. Kiswahili kilikuwa cha wote, na kila mtu alikivunja kwa namna yake.

Kisha Opira akapotea. Opira alikuwa polisi, rafiki wa baba na mtu wa kwao. Mkewe alisema varandani, akisonga ugali wa wimbi, kwamba mume wake amekwenda kaskazini kwenye msiba na atachelewa kurudi kazini. Alisema hivyo tu, kama mtu anayesema mvua itanyesha. Siku zile za utawala wa jeshi, Mwacholi aliyechelewa kaskazini alihesabiwa kuwa amekwenda kujiunga na waasi. Opira aliporudi, gari lilikuwa linamsubiri langoni. Liliondoka naye, na hatukumwona tena. Mkewe akaambiwa aiachie nyumba.

Hakuna aliyejua nani alipeleka maneno. Kwa hiyo kila mtu alijua. Sote tulimtazama Baba Juma, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, yule Mnubi. Alikuwa polisi kama wengine, lakini tangu mwaka ule alikuwa ameanza kwenda kazini bila yunifomu. Alivaa shati la kola pana na miwani myeusi, hata asubuhi za mawingu. Kambini hatukuhitaji kuambiwa kwamba huyo sasa ni mtu wa usalama.

Sasa, baba yangu alikuwa mtu wa maneno. Kazini alikuwa kimya kama jiwe. Maneno yote ya siku aliyabeba tumboni, akaja kuyamwaga juu ya chakula. Alikuwa akiwaiga watu. Alikuwa na inspekta mmoja aliyeogopa mbuzi, na karani aliyepiga chafya kila alipotaka kudanganya. Alisimulia mambo ya kwao, ya mto na ya wajomba zake, hata mimi na Zena tuliwajua wajomba hao kwa miondoko kabla ya kuwaona. Mama alikuwa akimwambia, “Kula kwanza, afande, chakula hakina masikio,” naye alikuwa hawezi. Baba na mdomo uliofungwa, nilidhani, ni watu wawili tofauti.

Jioni ya siku Opira alipochukuliwa, baba alivuta kiti hadi dirishani, akapanda, akaanza kusokomeza soksi kwenye matundu ya hewa. Zilikuwa soksi zake ndefu za kazi, nzito, za sufu. Zilipokwisha akachana sweta kuukuu. Dirisha akaligongomea blanketi.

“Kuanzia leo tunapika ndani,” akasema. “Mimi hapana taka bibi yangu anaulizwa maswali juu ya sufuria. Na tukiongea, tunaongea humu. Hapa kambini hata moshi iko na mdomo.”

“Na huo moshi wenye mdomo utatokea wapi, afande?” mama akauliza.

“Utazoea.”

“Nitauzoea mimi, au wenyewe ndio utanizoea?”

Baba akacheka. Na usiku huo, nyuma ya soksi na blanketi, alisimulia kama kawaida. Huo ndio ulikuwa mpango: nyumba ifungwe ili mdomo wake ubaki wazi.

Nawaulizeni nyinyi mlioishi miaka ile: ni nyumba ngapi zilifanywa hivyo? Tunaambiwa habari za magereza na za mto uliotupwa maiti. Hatuambiwi habari za jikoni. Makaa yaliyowaka vibaya yalitoa moshi wa bluu uliokaa usawa wa macho yangu, na mtoto akikaa chini hakuwa na nafuu kubwa. Mafuta ya taa yalikuwa yametoweka madukani pamoja na sukari na sabuni, na baba akawa analeta dizeli kwenye chupa ya soda kutoka kwa dereva fulani. Tadooba ilikula dizeli ikatapika masizi. Asubuhi mama alitufuta pua kwa ncha ya leso, na leso ikatoka nyeusi. Ukuta wa karibu na taa uliota kivuli kisichoondoka mchana.

Na mama, masikini, akasafisha hewa kwa njia aliyoijua. Kwao nyumba isiyofukizwa ni nyumba chafu. Kila alipomaliza kupika alichota makaa, akaweka kwenye chetezo, akanyunyizia ubani na kipande cha udi alichobana kwa miaka, akakizungusha kila pembe, chini ya kitanda, juu ya kichwa cha Zena. Chumba kikanukia kama harusi. Nani angemwambia kwamba alikuwa anafukuza moshi kwa moshi? Kitu kinachonukia hivyo kinawezaje kumdhuru mtu? Zena akikohoa zaidi, udi ukaongezwa.

Mimi nilikuwa na maelezo yangu. Zena alikuwa msemaji kama baba. Lolote alilolisikia ndani angelitangaza varandani, kwa hiyo sote tulimfundisha kunyamaza. Tulimwekea kidole mdomoni. Akitoka nje tulimkumbusha, akirudi tulimsifu. Alipoanza kubanwa kifua nilielewa mara moja: maneno yamejaa. Yamekosa njia, yamerundikana pale chini, na huo mlio wa filimbi ni maneno yanayojaribu kupenya mlango mwembamba. Nikampeleka nyuma ya vyoo vya kambi, mahali pasipo na mtu, nikamwambia, “Yaseme yote hapa. Mimi nitalinda.”

Zena akafikiri sana. “Nataka gonja,” akasema, ile ndizi tamu ya sokoni.

Nikangoja.

“Gonja ya kuchoma.”

Hakuwa na lingine, na hakupona. Nikahitimisha kwamba maneno mabaya yalikuwa yamekaa chini zaidi.

Basi tuliporudi kutoka kwa yule nesi, mama hakumpa baba salamu ya jioni. Aliweka vidonge mezani. “Wamesema tufungue dirisha.”

“Nani wamesema?”

“Nesi. Mbele ya watu. Kaniita mchafu.”

“Huyo nesi iko na mume Acholi?” baba akauliza. “Basi arudi kwao alale na dirisha wazi.”

Nikiwa mtoto niliona baba ameshinda ubishi ule. Leo naona walikuwa watu wawili wenye haki waliofungiwa kwenye chumba kimoja, na hasira yangu inahama kutoka kwa huyu kwenda kwa yule isipate pa kukaa, mpaka ipande ngazi hadi juu kabisa, kwa watu waliokula wakashiba kwenye nyumba zenye bustani, madirisha yao wazi, walinzi wao nje. Serikali ile haikutuma mtu hata mmoja kuja kutuzibia matundu. Tuliyaziba wenyewe, kwa soksi zetu.

Siku yenyewe ilikuwa mchana, maharage jikoni, yale yasiyoiva. Mama alikuwa akipepea sigiri, mimi nikichambua mchele. Zena alikuwa ameketi kitandani amejishika magoti. Nilisikia kitu kimekosekana, nikachelewa kutambua ni nini: ule mlio wa filimbi ulikuwa umekoma. Mama akageuka. Midomo ya Zena ilikuwa na rangi ya majivu, na macho yake yalikuwa yakimtazama mama kwa adabu, kama mtu anayesubiri kuruhusiwa.

Mama hakupiga kelele. Alimrusha Zena begani, akapiga mlango teke, akamtua varandani. Akarudi ndani, akaunyakua mwiko wenye maharage, akapanda kiti, akaanza kuchokoa soksi moja baada ya nyingine, nazo zikaanguka na donge la masizi. Blanketi akalivuta likatoka na misumari. Sigiri akaibeba kwa leso ikiwa inawaka, sufuria juu yake, akaitua nje mahali pake pa zamani, mbele ya kambi nzima.

Nilipotoka nyuma yake nilitaka kufa. Zena alikuwa mikononi mwa Mama Juma.

Mke wa yule mtu wa miwani! Alikuwa amemkalisha, amemwinamisha mbele, anamsugua mgongo kwa kiganja kipana, akihesabu pumzi zake kwa sauti ya chini kama anayembembeleza ng’ombe. Zena alivuta hewa. Ikakwama. Akavuta tena, na ile filimbi ikarudi. Sijawahi kusikia sauti nzuri kuliko ile.

“Saida,” Mama Juma akamwambia mama bila kuinua kichwa, “leo umetukumbuka?”

“Jua limenikumbusha, shoga.”

“Nyumba yako inatoa moshi chini ya mlango kama karakana za Katwe. Ulidhani sisi hatuoni?” Kisha akamtazama mama vizuri. “Huyu asirudi mle ndani. Umenisikia? Au nimchukue mimi.”

Mama akajibu kwa heshima yote, “Hatarudi, dada.” Lakini niliona alivyomchukua Zena haraka, kama mtu anayeokoa kitu kilichoangukia mikononi mwa mtu asiyeaminika.

Baba aliporudi, soksi zilikuwa zimefuliwa, zinaning’inia kwenye kamba, zinadondosha maji meusi. Alizitazama kwa muda. Akaingia ndani, akatazama juu, kwenye matundu, mwanga wa jioni ukiingia kwa vipande. Akaketi.

“Mama watoto, unataka kuniua?”

“Leo Zena alikuwa anakwenda,” mama akasema, kwa mnong’ono. “Mimi nimemwona akienda. Chagua, afande. Ulimi wako au kifua cha mtoto. Vyote viwili havitoshi humu.”

“Mimi naweza kula kimya kama ng’ombe?”

“Utajifunza.”

“Na wakinichukua hata nikinyamaza?”

“Wakikuchukua, watakuchukua wao. Mtoto, kwa moshi huu, tunamchukua sisi wenyewe.”

Baba alimwita Zena, akamweka pajani, akaweka sikio lake kwenye mgongo wa mtoto, akasikiliza. Nadhani hakuwahi kusikiliza kabla ya siku ile; maneno yake mwenyewe yalikuwa mengi. Kisha akainua kidole, akakiweka kwenye midomo yake, vilevile tulivyomfanyia Zena. Zena akacheka, akadhani ni mchezo.

Baada ya hapo tulipika nje. Tulikula kabla giza halijaingia ili tadooba isiwashwe, na chetezo mama alikitoa Ijumaa tu, mlango ukiwa wazi. Sikumbuki ilichukua muda gani, lakini iko siku nilimwona Zena akiruka kamba na watoto wa Mama Juma na nikatambua kwamba mabega yake yameshuka. Msimu wa mvua ulimsumbua, na unamsumbua hadi leo, lakini yupo, na ana sauti inayovuka barabara.

Baba hakusimulia tena. Alisema “maji,” “chumvi,” “lala.” Inspekta na mbuzi wake wakafa. Wajomba wa mtoni wakafa. Mwanzoni mama alimchokoza, “Afande, leo karani hakupiga chafya?” naye alitikisa kichwa kuelekea dirishani. Baadaye mama akaacha kuuliza. Hewa ni bure! Natamani ningempata nesi yule nimkalishe kwenye meza yetu jioni moja, asikie vijiko.

Serikali ilipoanguka, watu walicheza barabarani na mabati ya kambi yakaanza kuibwa usiku na mchana. Mimi nilikaa mbele ya baba nikingoja. Nilikuwa mkubwa kidogo. Niliamini kinywa ni kama bomba, ukifungua maji yanarudi. “Baba,” nikasema, “sasa tuambie.” Alinitazama kwa huruma, akafungua mdomo, akautafuta mwanzo wa kitu. “Leta maji,” akasema. Alifariki nikiwa mwaka wa pili chuo kikuu, na kwenye msiba ndugu zake wa kaskazini walimsifu kuwa alikuwa mtu mtulivu. Nilitoka nje nisije nikawatukana.

Baada ya hapo nilikwenda Ggaba kununua samaki, na mwanamke aliyekuwa akinitolea magamba akanishika mkono kwa vidole vilivyolowa. “Wewe si mtoto wa Saida? Wa yule mzee wa maneno!”

Alikuwa Mama Juma, mjane, amenenepa. Nikamwambia kwa ubaridi kwamba baba hakuwa mtu wa maneno.

“Nani, yule? Kwetu alikuwa redio!” Akacheka mpaka kisu kikamponyoka. “Ile ya mkubwa na nishani, kwamba zimejaa kifuani mpaka nyingine zinatafutiwa mahali mgongoni! Mimi na Baba Juma tulijiziba mito usoni tusicheke. Baba Juma alikuwa akizima redio yetu kabisa, ananiambia, nyamaza, ameanza. Kisha baba yako akanyamaza ghafla. Baba Juma alisikitika, akauliza, tumemkosea nini?”

“Mlisikiaje?” nikauliza. “Tuliziba kila tundu.”

“Mliziba la barabarani, mwanangu. Sisi tuliwasikia kwa juu.”

Nikamuuliza kwa nini hawakutuambia. Akaokota kisu, akaendelea na samaki. “Tungesemaje? Baba Juma, na kazi ile ya kuwaendeshea wale watu magari, aje agonge mlango wenu aseme, tunawasikia? Mngelala?”

Sikumwamini. Mimi siamini kitu nisichokiona. Nikaenda kambini nikiwa bado nimebeba samaki. Laini yetu ilikuwa haina bati wala mbao, imebaki matofali, na nilipanda kwenye ukingo wa dirisha letu nikatazama. Kuta zilizotenganisha nyumba na nyumba ziliishia pale dari ilipokuwa imelala. Juu yake, kuanzia nyumba ya kwanza hadi ya mwisho, palikuwa wazi: wajenzi hawakuwahi kuweka tofali hata moja.